Tabora hadi Ujiji kwa Baiskeli: Njia Aliyokuja Nayo Bibi

Mwaka jana rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kutembeza watalii alinipigia simu. Alitaka nimwandikie maelezo ya njia ya baiskeli kutoka Tabora hadi Ujiji, kurasa nne tu, zenye vituo, umbali na historia kidogo. Huko Ulaya, aliniambia, watu wanalipa fedha nzuri kuendesha baiskeli wiki nzima kando ya mto Danube, wanalala vijijini, wanakunywa mvinyo, wanarudi makwao wakiwa na furaha. "Sisi tuna Malagarasi, tuna vilima vya Kigoma, tuna Livingstone. Tunakosa nini?"

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni malipo, maana mwandishi wa habari hakatai kazi. Ya pili sikumwambia.

Bibi yangu mzaa mama amezaliwa Tabora na amezeekea Tabora. Ukimuuliza kabila, anasema Mmanyema. Ukimuuliza Manyema ni wapi, anaelekeza magharibi kwa kidevu. Bibi yake yeye, yaani mtu ambaye mimi ni kilembwe chake, "alikuja" Tabora akiwa msichana mdogo. Nimekua nikisikia kitenzi hicho kimoja. Alikuja. Utadhani alikata tiketi.

Sasa, kati ya Manyema, iliyoko mashariki mwa Kongo, na Tabora kulikuwa na njia moja kubwa: kuvuka Ziwa Tanganyika, kushukia Ujiji, kupita Uvinza, kuvuka Malagarasi, kisha pori la miombo hadi Unyanyembe. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa ananilipa nipite njia ya bibi kinyumenyume. Mwezi wa 8, pori likiwa kavu, nikafunga begi kwenye keria.

Nilianzia Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Hapo ndipo David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofikia mwezi wa 2 mwaka 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi uliofuata, na mzee wa watu akabaki hadi mwezi wa 8 akisubiri watu na mizigo kutoka pwani. Mwaka 1873 alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wafuasi wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, waliubeba mwili wake uliokaushwa wakapita tena Unyanyembe kuelekea pwani. Ukikaa kwenye kivuli cha tembe lile unaona jinsi kila safari ya hawa wazungu ilivyokuwa safari ya watu wengine. Richard Burton alipofika Kazeh, jina lililotumika wakati huo kwa mahali hapa, tarehe 7 Novemba 1857, alikuwa ametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Kutoka Kazeh hadi Ujiji ikamchukua miezi miwili mingine. Sehemu kubwa ya safari alibebwa, kwa sababu miguu haikufanya kazi. Mwenzake John Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, na walipofika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwezi wa 2 mwaka 1858 alikuwa haoni vizuri. Mmoja hatembei, mwingine haoni, na vitabu vinasema wao ndio waliogundua ziwa.

Waliowafikisha walikuwa na majina. Sidi Mubarak Bombay alichukuliwa mtumwa akiwa mtoto katika nchi ya Wayao, akauzwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru, kisha akasafiri na Burton na Speke, na Stanley, na Cameron. Ukijumlisha safari zake, amekanyaga bara hili kuliko mabwana wote aliowaongoza. Nyuma yake kuna maelfu ambao hawakuandikwa. Hao ndio wapagazi.

Neno "mpagazi" siku hizi tunalitumia kwa vijana wa Kilimanjaro wanaopandisha mizigo ya watalii. Tabora lilikuwa neno la heshima. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mbele alitembea kirangozi, na nyuma yake mstari mrefu wa pembe za ndovu zikielekea pwani, au marobota ya merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba yakirudi bara. Merikani, kama jina linavyosema, ilitoka Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Wapagazi walipatana ujira, walidai posho, na wakiona wamedhulumiwa waliweka mizigo chini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anaeleza kuwa wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye taratibu zao na fahari ya kazi yao. Si kila mtu aliyebeba mzigo kwenye njia hii alikuwa mtumwa.

Nilifurahi sana kusoma hivyo mara ya kwanza. Kisha nikakumbuka bibi, nikatulia. Maana habari ina upande wa pili: fedha ya upagazi ilinunua ng'ombe, na ilinunua pia watu. Mpagazi huru alipokuwa safarini miezi sita, shamba lake lilipaliliwa na wake zake, na pengine na mtu aliyenunuliwa. Njia ilikuwa moja, ikipitisha mtu aliyejivunia kwenda na mtu aliyefungwa kwenda. Mara nyingine walikuwa kwenye msafara mmoja.

Siku ya kwanza ni Tabora hadi Urambo, kilomita 94, lami tupu, tambarare. Miembe imesimama kando ya njia za kutokea mjini, mikubwa, yenye kivuli kizito, na wenyeji watakuambia iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshapishana na baiskeli zaidi ya hamsini. Hakuna hata moja iliyokuwa ya utalii. Walikuwa wanaume wenye magunia ya mkaa, madumu ya asali, kuni, mbao, mkungu wa ndizi, na mmoja mwenye kitanda kizima. Mwenye mkaa haendeshi, anasukuma. Amefunga fimbo kwenye usukani ili aushike akiwa pembeni, na kwenye kilima anainama mpaka kifua kinagusa gunia.

Karibu na Ndono nilipata pancha, nikamkuta fundi chini ya mti, mzee mwenye pampu, beseni la maji na kipande cha msasa. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaongeza "mwangaluka" ili nijue niko kwa nani. Alitazama baiskeli yangu yenye gia, akatazama begi.

"Umebeba nini, binti?"

"Nguo na maji, mzee."

"Basi?"

"Basi."

Alicheka. Magunia mawili ya mkaa yanazidi kilo mia, akanieleza akisugua tyubu. Yeye mwenyewe alisukuma miaka kumi na moja kabla mgongo haujakataa. Nikamuuliza kwa nini watu hawatumii punda. Akanijibu kwamba huko ndani porini kuna mbung'o, punda anakonda anakufa, lakini "baiskeli haiumwi na mbung'o."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kunieleza historia ya njia hii kwa maneno machache namna ile. Ndorobo, au mbung'o kama wanavyomwita huku, ndiye aliyefanya binadamu abebe mzigo kwenye sehemu kubwa ya njia ya kati. Farasi, ngamia na ng'ombe wa kukokota hawakudumu, kwa hiyo bega la mtu likawa ndilo gari. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Lakini kutoka kituo cha reli hadi kijijini bado kuna kilomita 20 au 30, na hizo hazikupata reli. Zimepata baiskeli. Wajukuu wa wapagazi wako barabarani hadi leo, na maelezo ya njia ambayo rafiki yangu aliyataka yasingewataja, isipokuwa kama onyo: mtalii awe mwangalifu na wenye mizigo.

Urambo ni mji wa Mirambo. Mtemi huyu, aliyezaliwa kama mwaka 1840, alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga na bunduki, na mwaka 1871 aliifunga njia. Aliona ajabu kwamba Waarabu wa Tabora wapitishe mali katika nchi yake bila kumlipa hongo anayostahili. Stanley alijaribu kupigana naye upande wa Waarabu, wakashindwa. Ndiyo maana msafara wa Stanley kwenda Ujiji haukunyooka kama mimi nilivyonyooka. Uliteremka kusini mbali, kupitia Ugunda na Ukonongo, ndipo ukapanda tena kaskazini. Miaka mitano baadaye Stanley na Mirambo wakachanjiana undugu. Mirambo alifariki Desemba 1884. Mwenzake wa Unyanyembe, Isike, alimalizwa na Wajerumani Januari 1893: walipoivunja ngome yake aliwasha baruti, akalipuka nayo, kuliko kukamatwa.

Tumezoea kuwasifu watemi hawa kama mashujaa, na kweli walikuwa mashujaa. Tabora kuna shule na kambi ya jeshi zenye jina la Mirambo. Lakini usiku ule Urambo, nikila wali na maharage kwenye mgahawa wa stendi, nilijiuliza kama msichana aliyepitishwa hapa miaka ya 1880 aliona tofauti kati ya shujaa na mfanyabiashara. Hongo ilipolipwa kwa mtemi, na yeye alikuwa sehemu ya mali iliyolipiwa.

Siku ya pili nililala Kaliua. Siku ya tatu ni ndefu kuliko zote, miombo pande zote mbili, vijiji vimeachana. Wasafiri wa zamani walikuwa na mbinu ya pori la namna hii: waliondoka baada ya adhuhuri maji yakiwa yamejazwa, wakalala pakavu, wakaamka alfajiri kuyafikia maji mengine kabla jua halijakomaa. Mimi nilikuwa na chupa tatu na ukaidi. Mbung'o walinifuata kilomita nzima nzima, maana wanapenda kitu kinachotembea na rangi nyeusi au ya buluu, na mimi nilivaa buluu. Waendesha baiskeli watakaokuja, chukueni ushauri huo bure: vaeni nguo za rangi ya majani makavu. Nilifika Nguruka giza limeingia, mgongo umevimba. Mama wa nyumba ya wageni aliniuliza kama mume wangu anajua niko huku. Nikamwambia sina mume. Akaniletea maji ya moto ndoo mbili.

Malagarasi niliufikia asubuhi ya siku ya nne. Mto huu unaanza kwenye vilima vya mpakani na Burundi, unazunguka kama mtu aliyesahau anakokwenda, unapita kwenye mabwawa makubwa, kisha unageuka magharibi kuingia Ziwa Tanganyika. Bonde lake pamoja na Moyowosi ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, mwaka 2000. Leo unavuka juu ya Daraja la Kikwete, lililozinduliwa mwaka 2015, na kwa baiskeli ni suala la dakika. Katika karne ya 19 kivuko kilikuwa na mwenyewe, mtware wa Uvinza, na hupiti bila kupatana. Walivusha watu kwa mitumbwi ya magome ya miti, wachache wachache, mizigo kwanza au watu kwanza kulingana na mapatano. Stanley alipovuka Novemba 1871, baada ya kubishana hongo mpaka akachoka, alikuwa na punda aliyeitwa Simba. Wakamfunga kamba wamvute aogelee. Katikati ya mto mamba akamkamata shingoni. Simba akaliwa na mamba, jina halikumsaidia.

Nikaacha lami. Kuna vijia vya wavuvi vinavyofuata ukingo, vyembamba, katikati ya matete na mafunjo, na baiskeli inapita ukiwa mvumilivu. Kwa muda niliendesha maji yakiwa kushoto kwangu. Kijana mmoja aliyekuwa anatandaza kambale juani aliniuliza ninatafuta nini. Nikasema natazama tu. Hapa ndipo nilipotaka kufika, nadhani, na nilipofika sikuwa na la kufanya. Mtoto wa miaka nane au tisa, anayetoka nchi ya mto mwingine mkubwa, anasimama kwenye tope hili akisubiri zamu ya mtumbwi wa gome. Hajui lugha ya wanaopatana. Hajui anapatanwa yeye.

Kwenye njia hii walipita pia watu walioandika Kiswahili. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, na ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara. Kwetu tunaopenda fasihi hivi ni vitabu vya thamani, nathari ya Kiswahili kabla ya riwaya. Ila visome ukimtafuta yule msichana. Pembe zimehesabiwa kwa frasila. Hongo imehesabiwa kwa doti. Watu wanatekwa, wanapewa, wanauzwa, wanakimbia, na wote ni wingi. Wingi hauna bibi.

Uvinza nilinunua chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi ziko hapo karibu na mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na watafiti wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba watu wanachemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Hiyo inakumbusha jambo muhimu: njia haikuletwa na Waarabu wala wazungu. Kabla ya pembe na kabla ya watumwa kulikuwa na watu wenye vifurushi vya chumvi wakienda kuitafuta nafaka, majembe na samaki. Biashara ya pwani iliingia kwenye vijia ambavyo tayari vilikuwa vimekanyagwa.

Kutoka Uvinza kwenda magharibi ndipo milima inapoanza kukudai. Si milima ya kutisha, ni vilima vinavyofuatana, unapanda taratibu, unashuka upepo ukikuliza, Kazuramimba, Kidahwe. Salamu inabadilika kuwa "mwakeye," migomba inaongezeka, michikichi inatokea. Halafu kwenye mteremko mmoja unaona kitu cha rangi ya fedha kati ya vilima viwili, unadhani ni mawingu. Ni ziwa.

Ujiji kuna mnara pale inaposemekana Livingstone na Stanley walikutana Novemba 1871, na miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe wenyewe. Kuna makumbusho, na mwenyeji atakueleza mkutano ule vizuri, hadi kuvuliwa kofia. Kinachosahaulika ni alikotoka Livingstone. Alikuwa ametoka Nyangwe, Manyema. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya gulio, aliona watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni ukingoni mwa Lualaba. Mamia waliuawa kwa risasi na kwa kuzama. Alirudi Ujiji akiwa amevunjika. Barua zake kuhusu siku hiyo zilichangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa Zanzibar Juni 1873. Soko lilifungwa pwani, lakini bara biashara iliendelea. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi yake bibi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati huo. Yaani kuna siku, akiwa Tabora, jikoni au shambani, alikuwa huru kisheria, na sijui kama kuna mtu alimwambia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kuu ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni vema. Hispania wana njia ya mahujaji ya Santiago, ambako mamia ya maelfu wanatembea au kuendesha baiskeli kila mwaka, na wanachofuata ni nyayo za watu wa kawaida. Hapa tukisema njia ya Livingstone tunauza nyayo za mtu mmoja aliyefuatwa na mamia. Nilimwandikia rafiki yangu kurasa zake nne. Nikaweka umbali, maji, mbung'o, mafundi wa pancha. Nikaweka kivuko cha Malagarasi na chumvi ya Uvinza. Nikapendekeza siku ya kwanza wageni wasukume gunia la mkaa hata mita mia mbili, na walipe mwenye gunia. Livingstone nimempa aya moja. Rafiki yangu alinijibu kwamba maelezo ni mazuri ila "mazito kidogo." Bado tunavutana.

Jioni ile Ujiji nilikaa ufukweni, nikampigia bibi. Nikamwambia nimefika ziwani kwa baiskeli. Akasema mimi ni mwehu, kisha akauliza kama maji ni mengi. Nikasema ng'ambo haionekani vizuri, kuna ukungu. Akanyamaza. Nikaona nimuulize, maana ana miaka 88 na mimi sitapata tena ujasiri ule.

"Bibi, bibi yako alivukaje hapa?"

Nilisikia redio yake nyuma, na kuku.

"Walivushwa," akasema. "Hakuvuka yeye. Alivushwa, yeye na dada yake. Dada yake hakufika."

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia kuna dada. Nilitaka kuuliza jina, nikakuta tayari amehamia kwingine. Mawese ya Ujiji ni mazuri kuliko ya Tabora, akasema, na wauzaji wa Tabora wanachanganya. Nimletee lita tano, na nisiyafunge kwenye baiskeli, yatamwagika. Niyatume kwa treni.

Nimeyatuma kwa treni.